Jembe Kabla ya Mkeka: Nani Anaonekana Katika Kijiji cha Filamu ya Kijapani?

Usiku mmoja wa Agosti 2025 mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma alinitumia ujumbe: "Mjomba, eti Japani wametupa mji?" Chini ya swali alikuwa ameweka kichwa cha habari kilichodai kwamba mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, umetengwa kwa ajili ya Tanzania. Ukweli ni kwamba kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, lilitangaza kuifanya miji minne ya Japani kuwa "miji ya nyumbani" ya nchi nne za Afrika: Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana na Imabari kwa Msumbiji. Ulikuwa mpango wa kutembeleana na kubadilishana uzoefu. Kwa upande wa Nagai ulifuata urafiki ulioanza mji huo ulipokuwa mwenyeji wa Tanzania katika maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Hakukuwa na viza maalumu wala ardhi ya kugawa. Lakini habari ilivuka bahari ikiwa na sura moja, ikarudi Japani na sura nyingine. Simu na barua pepe zikafurika katika ofisi za halmashauri, watu wakilalamika kwamba miji yao inakabidhiwa kwa Waafrika. Tarehe 25 Septemba JICA ikatangaza kuufuta mpango wote.

Huku kwetu mjadala uliisha kwa hukumu fupi: Wajapani wa vijijini hawataki wageni, basi. Naona hukumu hiyo imeruka jambo kubwa. Waliokasirika walikuwa wanalinda picha ya kijiji, na picha hiyo hailingani na vijiji vilivyopo. Wageni wameshafika huko zamani. Wengine hawakufika kutoka popote, walikuwepo kabla ya Wajapani wenyewe. Aliyewaficha ni jicho la kamera, ambalo kwa miaka mingi limezoea kutazama upande mmoja. Zile filamu tulivu za vijijini, ambazo wapenzi wa sinema duniani tunazisifu kwa mvua yake, mashamba yake ya mpunga na wazee wake wanaokunywa chai bila kusema neno, zimechangia sana kuijenga picha hiyo. Kwa sababu hiyo naamini suala la nani anaonekana ndani ya filamu hizo ni zito kuliko linavyochukuliwa, na filamu chache za miaka ya karibuni zimelijibu kwa ustadi ambao haujapewa haki yake.

Tuanze na neno lililozua balaa. Kijapani kina neno furusato, nasi tuna "kwetu". Mtu aliyezaliwa Temeke, akakulia Temeke, asiyejua hata kushika jembe, ukimuuliza atakuambia kwetu ni Usangi. Wajapani nao wako hivyohivyo. Mamilioni wanaoishi Tokyo na Osaka wana mahali wanapopabeba moyoni, penye mlima, mto na kaburi la babu, na katikati ya Agosti, wakati wa Obon, treni hujaa watu wanaorudi kuwaenzi waliotangulia. Tofauti iko hapa: kijijini Usangi hatushangai kumkuta mwalimu kutoka Bukoba na fundi cherehani kutoka Kondoa, na hakuna anayeona kwamba kuwepo kwao kunapunguza Upare wa mahali pale. Furusato inayoimbwa na kuchorwa na kupigwa picha haina watu hao. Ni mahali pa usafi, pa wakati uliosimama. Sasa mweleze mtu mwenye picha hiyo kwamba mji fulani umekuwa "nyumbani" kwa Watanzania. Hasikii habari ya ziara za wanafunzi. Anasikia kwamba kaburi la babu yake limepata mwenye kulidai.

Sinema haikuibuni furusato, ila iliipa uso. Baada ya vita, na hasa uchumi ulipopaa na vijana wakahamia mijini, mwongozaji aliyetaka kuonyesha nchi ilichopoteza alipeleka kamera kijijini. Akakuta ukimya, akaupenda, nasi tukaupenda pamoja naye. Mimi ni mmoja wao. Nimekaa saa nyingi nikitazama bibi akikunja futoni na kuweka sahani mbili mezani huku mmoja wa wenye sahani ameshakufa, na sioni kuwa nilipoteza muda. Lakini ukimya wa filamu hizo una upande wa pili. Mtu asiyesemwa kwenye filamu ya makelele hupotea kwa kukosa nafasi tu. Kwenye filamu tulivu, ambayo ina muda wa kutazama siafu wakipanda mti kwa dakika nzima, kutokuwepo kwake ni uamuzi wa mtu.

Nani basi yuko huko? Mwishoni mwa 2024 Japani ilikuwa na wakazi wa kigeni wapatao milioni 3.77, takriban asilimia 3 ya watu wote, na idadi inapanda huku ya wenyeji ikishuka. Mwaka huohuo watoto wa Kijapani waliozaliwa hawakufika 700,000. Hesabu ya nyumba ya 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9. Kati ya wageni hao, zaidi ya laki nne walikuwa chini ya mpango wa wanagenzi wa kiufundi ulioanzishwa mwaka 1993, ambao kwa jina ni wa kufundisha ujuzi na kwa vitendo ni wa kupata vibarua. Wengi wao hawako Tokyo. Wako kwenye mabanda ya kuku, viwanda vya kusindika samaki, mashamba ya kabichi, karakana za kushona nguo kwenye miji ambayo shule yake ya msingi imeshafungwa. Na si habari ya jana. Katikati ya miaka ya 1980 halmashauri ya Asahi, katika mkoa huohuo wa Yamagata ulipo mji wa Nagai, ilisimamia yenyewe ndoa za wakulima wake na wanawake kutoka Ufilipino, kwa sababu mabinti wa kijijini walikuwa wameondoka na wakulima walikuwa wanazeeka bila wake. Watoto wa ndoa za aina hiyo leo ni watu wazima. Kama wewe ni mpenzi wa filamu za Kijapani za vijijini, jaribu kukumbuka ni mara ngapi umemwona mmoja wao akipita hata kwa nyuma.

Filamu iliyonifanya nilifikirie jambo hili kwa uzito ni Umibe no Kanojotachi ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Akio Fujimoto. Mabinti watatu wa Kivietinamu, Phuong, An na Nhu, wanatoroka usiku kutoka kwa mwajiri wao wa kwanza. Wanaacha nyuma nyaraka zao, kwa sababu mwajiri ndiye aliyezishikilia. Wanapanda meli kwenda kaskazini, kwenye bandari ndogo ya uvuvi yenye theluji, ambako dalali amewatafutia kazi na kibanda cha kulala. Yote yanayopendwa katika filamu tulivu ya kijijini yamo: bahari ya kijivu, theluji inayofuta sauti, nyavu, maboya, mikono inayofanya kazi ileile mara mia. Kilichobadilika ni mikono ya nani. Kamera inakaa na mabinti hawa kwa uvumilivu uleule ambao tumezoea kuuona ukitolewa kwa babu mvuvi, na ghafla mandhari ambayo miaka yote ilikuwa inasema "hapa ni kwetu" inaanza kusema jambo jingine kabisa. Wenyeji hawaonekani sana. Lugha inayosikika nyumbani ni Kivietinamu. Kijapani ndicho kinachosikika kama lugha ya ugenini.

Phuong anagundua ana mimba. Anakwenda hospitali, anaombwa kadi ya ukaazi na ya bima, hana. Anachanga fedha ili anunue kadi za bandia, na safari ya kwenda kutibiwa kwa kadi hizo ndiyo moyo wa filamu. Anatembea. Theluji imejaa barabarani, mtu ni yeye tu, na Fujimoto hamkatishi. Tunasikia viatu vyake, tunaona mgongo wake ukipungua kwenye weupe, na muda unapita mpaka wewe uliyeketi sebuleni Mbezi unaanza kuhisi baridi ya vidole. Hatimaye kipimo cha altrasaundi, na uso wake ukitazama kioo. Hakuna muziki unaokuambia ulie. Mwisho wake sitausimulia, mtu aende akauone. Ninachotaka kusema ni kwamba filamu haikuhubiri kuhusu haki za wahamiaji hata kwa sentensi moja. Ilimpa binti mmoja dakika, na dakika ndiyo sarafu ya filamu za namna hii. Miezi michache baada ya filamu kuonyeshwa mara ya kwanza, huko Kumamoto, mwanagenzi wa Kivietinamu wa shamba la machungwa alijifungua peke yake watoto mapacha waliokwishakufa, akashtakiwa kwa kutelekeza miili, na Mahakama ya Juu ya Japani haikumfutia hatia mpaka Machi 2023. Aliificha mimba kwa hofu ya kurudishwa kwao. Theluji ya Fujimoto haikuwa pambo.

Tuna msemo wetu ambao Mwalimu Nyerere aliutumia alipoeleza ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huuchukua kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi husikia ndani yake ahadi pia. Siku mbili za mwanzo unampa mkeka, chakula na jina lake. Jembe la siku ya tatu linamwingiza katika hesabu ya nyumba, ale jasho lake kama wengine. Wale mabinti watatu wamepewa jembe siku ya kwanza, na mkeka hawajauona. Ndivyo ulivyo mpango mzima wa wanagenzi, uliowazuia hata kubadilisha mwajiri, na ndivyo ilivyo nafasi ya watu hawa katika picha ya kijiji: mikono imepokelewa, uso haujapokelewa.

Sasa twende kwa wale ambao hawakuja kutoka popote. Ainu Mosir, pia ya mwaka 2020, imeongozwa na Takeshi Fukunaga, Mjapani aliyezaliwa Hokkaido, ambaye filamu yake ya kwanza ndefu ilianzia kwa wagema mpira wa Liberia. Jina la filamu linamaanisha nchi ya binadamu, kwa kuwa "ainu" kwa lugha ya Waainu, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Japani, ni mtu, kama sisi tunavyosema watu na wanaisimu wakatuita Wabantu. Wapo wanaolifafanua kwa ukamilifu zaidi: nchi tulivu ya binadamu. Hadithi iko kando ya ziwa Akan, kwenye kitongoji ambacho Waainu wanaishi kwa kuwauzia watalii vinyago vya mbao na kuwachezea ngoma. Kanto, kijana wa miaka 14, amefiwa na baba, anapiga gitaa kwenye bendi, na anataka kwenda kusoma mbali kwa sababu amechoka kufanyishwa "mambo ya Kiainu". Mzee Debo anamchukua porini, anamwonyesha mtoto wa dubu aliyefungiwa, na kumkabidhi amlee kwa siri. Kanto anampenda yule dubu. Hajui kwamba wazee wanapanga kufanya iomante, ibada ya kumrudisha dubu kwa miungu, yaani kumuua kwa heshima. Serikali ya mkoa wa Hokkaido ilitoa waraka wa kuipinga ibada hiyo mwaka 1955 kwa madai ya ushenzi, na waraka haukuondolewa hadi 2007.

Waigizaji wakuu ni watu wa Akan wenyewe, kwa majina yao. Kanto ni Kanto Shimokura, na mama yake ndani ya filamu ni mama yake kweli. Hilo ndilo lililosifiwa zaidi magazetini, nami nakubali lina uzito wake, kwani kwa muda mrefu Mwainu wa kwenye skrini alikuwa Mjapani aliyebandikwa ndevu. Lakini sijashawishika kwamba hapo ndipo filamu ilipofaulu. Ilifaulu kwenye kikao. Wazee na vijana wamekaa kujadili iwapo iomante ifanyike, na hawakubaliani. Mmoja anasema bila ibada hiyo sisi ni wacheza ngoma wa watalii tu. Mwingine anaona zama zimebadilika, dunia itatutazamaje. Wanasikilizana, wanakasirika, wananyamaza. Nimeona filamu nyingi zenye watu wa jamii ndogo, Afrika zikiwemo, ambamo jamii nzima ina sauti moja, hekima moja, huzuni moja. Jamii inayoonyeshwa bila ubishi wake wa ndani imegeuzwa kinyago, hata kama kila mwigizaji ni mzaliwa wa pale.

Kuna tukio dogo la dukani ambalo halinitoki. Mtalii Mjapani anamsifu mama Kanto: unaongea Kijapani vizuri! Mama anajibu kwa upole kwamba amejifunza kwa bidii. Hageuki kututazama, muziki haupandi, mtalii anaondoka akiwa ameridhika na wema wake. Mwanamke huyu amezaliwa Japani, ni raia wa Japani, na lugha ya mababu zake inakaribia kutoweka kwa sababu watoto walifundishwa shuleni kuiacha. Historia ya miaka 120 imepita kwenye sentensi mbili za dukani: sheria ya 1899 iliyowapa vipande vya ardhi ili waache kuwinda na kuvua wawe wakulima, ikafutwa 1997, azimio la bunge la 2008 lililowatambua kuwa wenyeji asilia, sheria ya 2019 iliyoandika utambuzi huo. Filamu yenye makelele ingehitaji hotuba.

Wapo wanaopinga mjadala huu wote, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni ya ukweli wa mahali. Kuna vitongoji milimani vyenye kaya kumi, wote wazee, wote Wajapani, na mwongozaji anayekwenda huko kutengeneza filamu ya ukweli hana sababu ya kumtumbukiza Mnepali ili wakosoaji wa matamasha waridhike. Nakubaliana nayo kabisa. Mgeni anayewekwa kama mmea wa mapambo ni tusi kwa mgeni huyo na kwa kitongoji. Ya pili ni ya ubinadamu wa wote: mtu wa Kigoma anamlilia bibi wa Kijapani bila kuona Mkigoma yeyote ndani ya filamu, kwa hiyo ya nini kuhesabu nyuso? Hii nayo ina kweli, na nimeishi kweli hiyo mwenyewe. Ila inathibitisha kinyume cha inachotaka. Kama moyo wa mtazamaji unaweza kuvuka hadi kwa mtu asiyefanana naye, basi mtazamaji wa Kijapani naye anaweza kuvuka hadi kwa Phuong, na mwenye filamu hana sababu ya kuogopa kwamba akimweka Phuong katikati atampoteza mtazamaji wake.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema uwakilishi ni ugonjwa wa Marekani unaoambukizwa kwa nchi zisizo na tatizo hilo. Inatamkwa kwa kujiamini sana, na mwaka 2025 ilipata nguvu za kisiasa, chama cha Sanseito kilipobeba kaulimbiu ya Wajapani Kwanza kikapata viti 14 kwenye uchaguzi wa baraza la juu mwezi Julai. Lakini historia haiko upande wake. Yukie Chiri alikuwa binti Mwainu wa miaka 19 alipofariki mwaka 1922, akiwa amemaliza kuandika nyimbo za miungu za watu wake kwa Kiainu na Kijapani sambamba. Zilichapishwa mwaka uliofuata. Shirika la Waainu wa Hokkaido liliundwa 1946. Shigeru Kayano aliingia bungeni mwaka 1994, Mwainu wa kwanza kufanya hivyo, akauliza swali kwa Kiainu ndani ya ukumbi ambao waziri mkuu wa miaka michache nyuma, Nakasone, alikuwa ameshatangaza kwamba Japani haina jamii za wachache. Mwaka 1997 mahakama ya Sapporo, katika kesi ya bwawa la Nibutani lililojengwa juu ya ardhi takatifu, iliwatambua Waainu kuwa wenyeji asilia. Hakuna Mmarekani aliyewatuma. Watu walidai kuonekana kwa lugha yao, kwenye ardhi yao, kabla wengi wetu hatujajua kuna neno linaloitwa uwakilishi.

Upande wa pili nao una kosa lake, na sitaki kuliacha kwa kuwa niko nao. Ukimwonyesha mgeni akiteseka tu, umemnyima utu kwa njia nyingine. Wapo watazamaji waliouliza kwa haki kwa nini Mvietinamu wa filamu ya Kijapani lazima akimbie, aumwe, adanganywe na dalali. Yupo Mvietinamu anayependa karaoke, aliyeoa kijijini, anayegombana na jirani kuhusu siku ya kutoa taka. Na filamu zote mbili ninazozisifu zimeongozwa na Wajapani. Fukunaga na Fujimoto walisikiliza vizuri, kazi zao zinaonyesha hivyo, lakini kusikiliza vizuri kwa mwenyeji hakufuti haja ya siku ambayo Mwainu au mtoto wa mama Mfilipino wa Yamagata atashika kamera mwenyewe. Sisi wa pwani na bara tunalijua hili bila kufundishwa. Tumeonekana kwenye filamu za watu wengine tangu enzi za ukoloni, mara nyingi tukiwa tumebeba mizigo nyuma ya mtu mwenye kofia.

Labda filamu iliyolifumbua fumbo hili kwa njia isiyotarajiwa ni ile ambayo haina mgeni hata mmoja wa kutoka nchi nyingine. Aku wa Sonzai Shinai ya Ryusuke Hamaguchi, iliyopata tuzo kuu ya majaji Venice mwaka 2023, ni ya kijiji cha kubuni milimani ambako kampuni ya Tokyo inataka kujenga kambi ya kifahari ya watalii. Kwenye kikao na wanakijiji mjadala unang'ang'ania tangi la maji taka: litawekwa wapi, litahudumia watu wangapi, na uchafu wake utateremka kwenye chemchemi ya nani. Kisha Takumi, mchanja kuni asiye na maneno mengi, anasema kwamba eneo lile liligawiwa walowezi baada ya vita, kwa hiyo kwa namna moja wote waliomo humo ni wageni. Wenye mgahawa wa tambi, wanaotegemea maji yale ya chemchemi, walihamia kutoka mjini. Mara nyingi filamu hii husomwa kama vita kati ya wenyeji wasafi na wageni waharibifu, na naona usomaji huo unaipunguza. Takumi hasemi msije. Anasema atakayekuja apime uzito wake. Swali la nani ametoka wapi limebadilishwa kuwa swali la nani anaangalia maji yanakoelekea, na swali hilo hata Mtanzania wa Nagai angeweza kulijibu vizuri.

Ndiyo maana nasema kufutwa kwa mpango wa JICA hakukuonyesha ukuta wa milele. Kulionyesha kwamba taasisi ilitangaza "nyumbani" kwa tamko, kwenye ukumbi wa mkutano, bila kuandaa macho ya watu, na bila kutueleza na sisi huku kwamba neno hilo halimaanishi kiwanja. Macho huandaliwa polepole. Bunge la Japani limepitisha sheria Juni 2024 ya kuufuta mpango wa wanagenzi na kuweka mwingine kuanzia 2027, ambao kwa masharti fulani utamruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosomeka. Mtu anayeweza kuondoka ni mtu anayepaswa kubembelezwa abaki, na kijiji kitakachotaka abaki kitalazimika kumjua jina, kujua mtoto wake anasoma wapi, kumpa zamu kwenye tamasha la kiangazi. Waongozaji wa filamu za vijijini watamkuta pale, ndani ya fremu, iwe walimpanga au hawakumpanga. Watakaoendelea kupiga picha ya furusato isiyo na mtu huyo watalazimika kumwomba asogee pembeni kidogo.

Nilimtumia mpwa wangu Umibe no Kanojotachi badala ya jibu refu kuhusu Nagai. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaandika, bila salamu: "Mjomba, pale hospitali, yule dada wa mapokezi aliwahi kumuuliza jina lake kabla ya kadi?" Nilirudi kuitazama tena ili niweze kumjibu.